Fidelis Kiprotich Lelei na Glasi Yake ya Podmela

Mzee tunayemuaga leo, Fidelis Kiprotich Lelei, alizaliwa tarehe 3 Machi 1940 katika kijiji cha Kaptumek, Bonde la Kerio, nchini Kenya. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Kibor Lelei na marehemu Mama Tabarno. Mto wa kwao ulipokauka uliacha mchanga mweupe, na watoto walishinda humo mpaka mama zao wawafuate na fimbo. Mchanga huo ndio ulioanzisha mambo yote.

Alisoma shule ya misheni karibu na nyumbani, kisha akamaliza sekondari Eldoret mwaka 1960. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na mwepesi zaidi wa ulimi. Mwaka 1964 wataalamu walipita Kaptumek wakasema mchanga ule unafaa kutengenezea chupa. Fidelis akachaguliwa kwenda Yugoslavia kujifunza kazi ya kioo, ili arudi kusimamia kiwanda kitakachojengwa kijijini. Mbuzi walichinjwa. Kijana akasimama mbele ya wazee, kifua mbele, akasema, "Sitarudi mikono mitupu. Kila nyumba hapa itanywea glasi itakayotoka kwenye mchanga wetu." Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Wanawake walipiga vigelegele, naye akapanda lori akiwa amejawa na furaha.

Huko Yugoslavia alipelekwa Slovenia, katika makazi madogo ya wafanyakazi yaitwayo Podmela. Watoto wake wanaijua Podmela kuliko wanavyoijua Kaptumek, kwa kuwa hadithi hiyo aliisimulia kila siku. Ilikuwa kwenye bonde jembamba kiasi kwamba mto, reli na barabara vilibanana kama abiria wa kiti kimoja. Milima ya pande zote mbili ilizuia jua. Wakati wa baridi lilichungulia saa sita mchana, likaondoka kabla nguo hazijakauka. Zamani palikuwa na kinu cha nafaka na miti ya matunda tu. Mwaka 1872 tajiri mmoja kutoka Vienna aliona makaa ya mawe yamo mlimani na reli inapita chini, akajenga kiwanda cha kioo. Akajenga pia nyumba za wafanyakazi, safu tatu zinazofanana kabisa, hata mlevi alihitaji kuhesabu milango. Vita vilipita, bendera zikabadilishwa, mwishowe kiwanda kikawa cha wafanyakazi wenyewe. King'ora chake ndicho kilichowaamsha watu, kikawalisha na kuwalaza.

Fundi aliyemfundisha aliitwa Metod, mtu mfupi mwenye mashavu mapana kwa kupuliza kioo tangu utotoni. Alimfundisha Fidelis kukigonga kioo kwa ukucha na kutega sikio, kwa sababu kioo chenye ufa hulia vibaya. Podmela walikuwa na desturi yao. Kila aliyehitimu alipuliza glasi moja kutokana na kioo cha moto kilichobaki jioni kwenye chungu cha kuyeyushia, ikawekwa kwenye rafu karibu na tanuru. Siku mwenye glasi alipofariki, wenzake waliinywea kwa zamu, kisha wakairudisha motoni iyeyuke. Glasi ya Fidelis iliwekwa rafuni mwaka 1968. Ilikuwa ya kijani, imepinda kidogo upande mmoja. Siku ya kuagana alimwahidi Metod kwamba chupa ya kwanza ya Kaptumek ataipata yeye.

Aliporudi Nairobi mwaka huohuo, aliambiwa mpango umebadilika. Hapakuwa na kiwanda, wala mashine, wala mtu aliyekumbuka ni nani aliyemtuma. Hilo halikuwa kosa lake hata kidogo, ila yeye hakuliona hivyo. Alikosa pa kuuweka uso wake. Kaptumek hakwenda, alituma salamu tu kwamba shughuli ni nyingi. Podmela nako hakuandika. Mwaka 1972 alikuja Washington kuendelea na masomo, masomo yakakwama, akaajiriwa kuosha madirisha ya majengo ya ofisi huko Arlington. Nyumbani aliagiza waambiwe kwamba anafanya kazi ya vioo. Hakudanganya, na ndiyo sababu neno hilo lilimchoma kila alipolitamka.

Tarehe 19 Agosti 1978 alifunga ndoa na Chelagat, muuguzi msaidizi, wakajaliwa Mark na Audrey. Waliishi Adelphi, hapa Maryland, katika nyumba iliyokuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa watu wa Bonde la Kerio. Akisikia kuna mgeni wa kutoka kwao, Fidelis aliingia bafuni, akafungua maji na kujifungia mpaka mgeni aondoke. Wageni wengi walirudi Kenya wakisema mzee ni msafi ajabu. Mark alipokuwa na miaka minane, mwalimu aliwaambia watoto wachore mahali walikotoka baba zao. Mark akachora bonde, reli, bomba la moshi na nyumba za safu tatu, akaleta picha nyumbani kwa maringo. Fidelis aliitazama, akakaa chini. Mtoto wake hakujua hata kama Kaptumek ina mto.

Kwa miaka mingi alimsisitizia mkewe jambo moja. "Nikifa, nizikeni hapahapa. Kaptumek msinipeleke."

"Kwani we huna watu?" Chelagat alimuuliza. "Wanaume wa kwetu wanaofia huku wote hurudishwa. Unataka waseme nilikutupa?"

"Afadhali wakuseme wewe kuliko waniangalie mimi."

Chelagat alimkasirikia kwa kauli hiyo, na ana haki ya kuikasirikia hata leo.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 1998, Fidelis na mwenzake Macaire, ndugu yetu kutoka Bukavu, walikuwa wakiosha jengo moja Arlington, wakiwa wamesimama juu ya jukwaa la kamba. Fidelis alikuwa na mazoea ya kugonga kila kioo kwa ukucha na kutega sikio. Mwanamke aliyekuwa akiandika ndani alisikia mlio huo, akainua kichwa. Alikuwa Nada, binti wa fundi Metod, aliyekuja Marekani kikazi; Fidelis alimwacha akiwa na miaka kumi. Podmela haikuwahi kuwa na Mwafrika mwingine, hivyo hakuhitaji kukisia. Alisimama, akaweka kiganja kwenye kioo, akaita jina. Sauti haikupita, lakini midomo ilisomeka. Fidelis, na sabuni ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akavuta kofia usoni na kuanza kushusha jukwaa.

"Papa Fidelis, ule mama anakuita," Macaire alisema. "Tunashuka juu ya sababu gani?"

"Hanijui. Shusha."

"Anakujua. Analia, papa."

"Shusha, nakuomba."

Jumamosi iliyofuata Nada alifika mlangoni Adelphi, baada ya kuuliza kwenye kampuni ya usafi. Fidelis alikwisha kuingia bafuni na maji yake. Chelagat akasema mume wake amesafiri, na papo hapo bafuni kikohozi kikalia. Nada alikisikia. Alitoa mfuko wa karatasi, akaongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kiwanda cha Podmela kilifungwa mwaka jana. Nchi iligawanyika, wanunuzi wakapotea, tanuru likazimwa. Baba yake alikaa langoni wiki nzima, akiona haya kurudi nyumbani mchana. Kabla moto haujazimwa, glasi za waliofia mbali, zilizokuwa bado rafuni, ziliyeyushwa zote. Watu walitaka kuitia na ya Fidelis, kwa sababu hakuwa ameandika miaka thelathini. Metod alikataa. Alisema huyu yupo hai, ila anaona haya, na mtu hafi kwa kuona haya. Metod mwenyewe alifariki mwezi wa pili, akiwa amemwachia Nada glasi hiyo aitafutie mwenyewe.

Fidelis alipotoka bafuni, mgeni alikuwa ameshateremka. Alikimbia bila viatu mpaka University Boulevard, gari likawa limeondoka. Alirudi, akaiona glasi mezani, akaigonga kwa ukucha. Ililia vizuri. Mzee alilia mbele ya watoto wake, akawaeleza habari za mchanga, vigelegele na ahadi, mambo ambayo mkewe alikuwa ameyasikia nusunusu tu.

"Dad, that's it?" Audrey aliuliza. "Ndio maana hatujawahi kwenda home?"

"Ndiyo sababu, mama. Hakuna nyingine."

Ilimchukua wiki tatu kumpigia Nada simu. Alikuja tena, wakanywa chai kwa zamu kutoka glasi ileile, wakiongea Kislovenia mpaka Mark akazima televisheni aje kuwasikiliza.

Mwezi Juni madaktari waligundua saratani ya mapafu. Aliugua kwa uvumilivu, akihudumiwa na Chelagat, ambaye alitoka zamu moja na kuingia nyingine hapo nyumbani bila kulalamika. Mwishoni mwa Oktoba alimwita kitandani.

"Nimebadilisha. Nirudisheni Kaptumek."

"Tutawaambia nini, Fidelis?"

"Waambie ukweli. Kwamba nilikuwa naosha madirisha. Kwamba niliwakimbia." Akapumzika kidogo. "Halafu ipitishwe glasi, kila nyumba inywe. Ila msiwadanganye. Mchanga si wetu. Na ni moja tu."

Alifariki hospitalini, hapa Maryland, alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Novemba 1998, Chelagat akimshika mkono. Jumatatu mwili utasafirishwa kwenda Kaptumek. Podmela tanuru limezimwa, Kaptumek halikuwahi kuwashwa, kwa hiyo hakuna pa kuirudisha glasi motoni. Chelagat ataibeba mapajani mwake ndani ya ndege. Tulipompigia simu kaka wa marehemu, Mzee Kipchumba, kumweleza yote, akasema, "Kiwanda gani? Sisi tulikuwa tunamngoja yeye."

Marehemu amemwacha mjane, Chelagat. Watoto, Mark na Audrey. Kaka, Mzee Kipchumba Lelei wa Kaptumek. Mwenzake wa kazini, Macaire. Na dada yake Nada, binti Metod wa Podmela, aliyeketi leo pamoja na familia kwenye kiti cha mbele.

Fidelis, mlango wa bafu uko wazi na wageni wote ni wako. Pumzika kwa amani kwenu, bila kujificha.