Mnyamazisheni Ngurumo

Sogeeni, wanangu, mkae upande huu wa sikio linalosikia, maana lile jingine nililiacha barabarani. Wewe dereva, binti yangu, keti hapa. Na wewe fundi, kaka yake, acha kusimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Najua hamsemezani tangu mlipogombania lori, mmoja akitaka liuzwe kwa sababu limenila sikio, mwingine akisema atalivumilia kama nilivyolivumilia mimi. Lori langu Ngurumo haliuzwi. Ni lenu nyote wawili, dada ataliendesha na kaka atalitengeneza, na kazi ya kwanza ni kulinyamazisha.

Sikilizeni namna. Injini ya lori lile imelala chini ya kabini, baina ya viti, kwa hiyo joto na kelele vinaingilia mlango mmoja. Ng'oeni zulia lote, pamoja na lile godoro nililolitandika chini yake nikidhani nimepata dawa, likanywa maji ya mvua na kuozesha bati mpaka nikawa naiona lami ikipita katikati ya miguu yangu. Rahisi ni ghali. Kwangueni kutu, pakeni rangi, kisha zibeni kwa mpira kila tundu linalopitisha waya, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Halafu gongeni bati kwa kifundo cha kidole: linapolia kama sufuria, bandikeni zile shiti nzito zenye gundi, zinazoua mlio wa bati, lisipolia, liacheni, lori si la kuvalishwa koti zima. Ndani ya kifuniko cha injini wekeni sponji lenye karatasi inayong'aa kama fedha, upande unaong'aa utazame joto, na kabla hamjanunua, kipande kimoja kizamisheni kwenye ndoo na kingine mkiwashie kiberiti nje. Kikinywa maji au kikishika moto, mwachieni muuzaji sponji lake, hata akiwaita baba na mama. Na vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango, msiviguse.

Nipeni maji kidogo.

Mtajiuliza kwa nini mzee anayekufa anahangaika na sponji. Mama yenu alisafiri nami katika kabini ile tangu hamjazaliwa, akizungumza njia nzima, nami sikusikia hata nusu. Nilitikisa kichwa, naye akaridhika, au alijifanya ameridhika. Safari yake ya mwisho, kabla hajaugua, aliniambia jambo refu, mkono wake umelala begani kwangu, nami nikatikisa kichwa, nikisema moyoni nitamwuliza tukifika. Tulipofika kulikuwa na mizigo ya kushusha. Wanasema sikio halilali njaa; langu limelala njaa mpaka leo, na njaa hiyo inaniuma kuliko ugonjwa huu.

Basi mkimaliza kazi, pandeni wote wawili, mwende mpaka kwenye ule mlima unaochemsha injini, na mzungumze. Mkisikilizana bila kupaza sauti, kazi imekwisha. Msiposikilizana, fungueni, muanze upya, pamoja. Nyumba nayo ni yenu, hiyo haina kelele.

Mungu awape njia nyeupe, awape na wa kuzungumza naye njiani. Pumzi... inanikatikia. Mmenielewa?

Hapana, wanangu. Msitikise vichwa. Semeni.