Mtoto Hasikilizi Majina

Nimeambiwa nisimame huku mbele ili hata waliokaa nyuma wasikie. Haya, nimesimama. Tumekubaliana hapa kwamba anayetoa ushuhuda hataji watu, na mimi hilo nalishika kuliko nyie wote, kwa sababu ushuhuda wangu wenyewe ni wa kutaja. Kwa hiyo msije mkanisimamisha njiani kesho mkaniuliza yule alikuwa nani na huyu alikuwa nani. Sitasema. Mwishoni nitataja mtu mmoja tu, na huyo hakuna aliyemjua.

Mimi ni Mpimbwe. Kwetu ni mpunga, mahindi na misa ya Jumapili. Nikaolewa na Msukuma, mtoto wa watu waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaweka makazi huku upande wa Kakese. Mama mkwe wangu nilimwita Mayu, kama watoto wake wanavyomwita, na yeye aliniita mwanangu. Nalisema hili mapema ili msimchukie, maana nyie ni wepesi wa kuchukia. Mayu alinipenda. Nilipopata mimba ya kwanza alinikataza kubeba ndoo, akawa anateka maji mwenyewe na mgongo wake ule unaouma.

Uchungu ulinianza alfajiri, msimu wa kuvuna mpunga. Walinilaza chali kwenye ngozi ya ng'ombe, wanawake wawili wakanishika magoti, wakaniambia nisukume. Na nyie watani zangu mnavyopenda kunicheka, ni kweli, niliolewa kwa Wasukuma nikaambiwa sukuma tangu jua linachomoza. Nikasukuma. Mgongo uliniuma kama unapasuliwa. Nilitaka kusimama, wakanirudisha chini. Kufika mchana mtoto hajasogea.

Wakaanza kufungua vitu. Mnajua desturi hiyo. Vifuniko vya vyungu, sanduku la nguo, mafundo ya kanga, kila kilichofungwa kikafunguliwa ili na mimi nifunguke. Hata kamba za mbuzi walifungua, mbuzi wakaingia shambani kwa jirani, pakawa na kelele huko nje. Mimi bado. Hapo ndipo Mayu alipopiga magoti kichwani kwangu akasema kwa sauti ndogo, "Taja, mwanangu."

Kwa ajili ya wasichana waliopo nitaeleza. Kwao mume wangu na kwetu pia, uzazi ukigoma watu wanasema mwanamke alitoka nje ya ndoa, na mtoto amezibwa njia mpaka mama yake alitamke jina la huyo mwanaume. Na wakati wanasubiri jina, maji hupewi.

Nikasema, "Sina."

"Taja tu, mtoto atoke."

"Mayu, sina wa kumtaja."

Alikuwa analia wakati ananiambia. Machozi yake yalinidondokea usoni, na nilikuwa na kiu hiyo mpaka nikayalamba.

Ndugu zangu, nawaambia, ukiulizwa hivyo katika maumivu yale unaanza kujitafuta mwenyewe. Nikakumbuka baiskeli. Miezi ya nyuma nilikuwa natoka Mpanda mjini na mzigo, mwanaume mmoja wa kijijini kwetu akanipakia kwenye kerea ya baiskeli yake. Kwenye mteremko tukaanguka, tukacheka sana, tukajipangusa vumbi tukaendelea. Ni hayo tu. Lakini jina lake likapanda likafika kwenye meno. Nikawaza, niseme yaishe. Kisha nikamkumbuka mke wake, tunayepandikiza naye mpunga jaruba moja, nikafunga mdomo.

Mtoto alitoka ng'ombe wanarudi zizini. Alikuwa msichana. Hakulia.

Hakuna aliyenipiga wala kunifukuza. Akina mama walimfunga kwenye kitenge wakamzika nyuma ya nyumba bila jina, mimi nikiwa nimelala ndani. Nikasikia mmoja wao ananawa mikono uani, anamwambia mwenzake, "Angetaja." Hakuongeza neno lingine, lakini hilo moja lilihamia ndani ya kichwa changu likakaa.

Sasa sikilizeni hatia ya ajabu niliyobeba. Watu hujuta kwa sababu walisema uongo. Mimi nilijuta kwa sababu sikuusema. Nilijiona nimemuua mwanangu kwa ukaidi wa mdomo wangu. Neno moja tu, nilijiambia, jina la mtu, mtoto angekuwa anatambaa sasa hivi. Siku nyingine akili iligeuka upande wa pili, nikaamini kweli ile baiskeli ilikuwa dhambi, nikawa nikisikia kengele njiani najificha kwenye mahindi. Nilikwenda hata kuungama. Nikamwambia padri, nimetenda dhambi ya baiskeli. Akaniuliza, "Uliiba?" Nikasema hapana, nilipanda. Akanyamaza muda mrefu, na mimi nikadhani ukimya ule ndiyo hukumu.

Chekeni, si vibaya. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka.

Mume wangu naye hakuniuliza kitu. Alikula nilichopika, akachunga, akalala. Nikajua ananishuku, sikuwa na njia nyingine ya kuuelewa ukimya wake.

Nilipopata mimba ya pili sikufurahi, niliogopa. Nikaenda kliniki kwa kuchelewa, tumbo limeshatokeza. Pale kituoni palikuwa na mkunga mmoja, mama wa makamo, anapasha mikono yake kwa kuisugua kabla hajakugusa. Akaniuliza uzazi wa kwanza ulikwendaje. Nikamjibu kama ninavyojibu naitwa nani, "Mtoto alikufa kwa sababu nilikataa kutaja."

Hakucheka wala hakufoka. Alivuta kigoda akakaa.

"Maumivu yalikuwa tumboni au mgongoni?"

"Mgongoni."

"Ulilalaje?"

"Chali. Walinishika."

"Ulikunywa nini?"

"Sikupewa."

"Kusukuma ulianza lini?"

"Tangu asubuhi."

Akachukua sweta ya mtoto iliyokuwa mezani, akapitisha ngumi yake kwenye shingo ya sweta, kwanza kwa upande mwembamba, ikapita. Kisha akaigeuza ngumi, ikakwama. Akasema, "Mimi sikuwepo, siwezi kukuapia. Inawezekana alikaa vibaya, uso juu, na wewe ulivyolazwa chali hakupata nafasi ya kugeuka, na nguvu zako zikaisha kabla njia haijafunguka. Ulitakiwa upelekwe hospitali mapema. Ila kitu kimoja naweza kukuapia. Mtoto aliye tumboni hasikilizi majina."

Nikamweleza habari ya baiskeli. Akasema, "Baiskeli haijawahi kuziba njia ya mtoto." Nililia pale mpaka wajawazito waliokuwa kwenye foleni wakachungulia mlangoni.

Tangu siku hiyo nilihudhuria kila kliniki. Alitufundisha kutembea wakati wa uchungu, kuchuchumaa, kuinama ukishika kitu, kunywa uji, kukojoa mara kwa mara, kupumua na kuguna badala ya kujikaza. Alisema mama akiogopa mwili nao unakaza, ndiyo maana maneno anayoambiwa ni sehemu ya huduma. Akamwita na mume wangu, akamwambia aandae mkokoteni na ng'ombe wawili wenye nguvu. "Kuzaa kwa njia yake ya kawaida siyo kuzaa bila msaada," akasema. "Nikiona imegoma, tunakwenda hospitali ya Mpanda, na sitaki kubishana na mtu." Maana alizijua familia zetu.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za Elinino. Barabara iligeuka tope, nikahamia mapema kwa ndugu karibu na kituo. Uchungu ukaja mchana, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani. Nilikuwa natembea vizuri, naguna vizuri, mpaka mkunga aliponisogelea akasema, "Haya, nitajie."

Neno lile lile. Niliganda. Uchungu uliokuwa unakwenda vizuri ukabadilika ukawa wa kukata, nikashika nondo za dirisha. Mkunga akaona. Akanishika bega, akasema polepole, "Nitajie unayemtaka akae na wewe humu ndani. Mmoja."

Nje kwenye baraza alikuwepo dada yangu, aliyetoka kwetu kwa ajili yangu. Na alikuwepo Mayu, ameloa, amekumbatia chupa ya uji. Nikamtaja Mayu. Msidhani ilikuwa kwa moyo mzuri. Nilitaka aone kwa macho yake mtoto anatoka bila jina la mtu. Nilitaka imuume. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo kuliko mengine yote.

Akaingia. Alitazama kitanda, akashangaa sijalala. Mkunga akaichukua mikono yake akaiweka mgongoni mwangu, chini huku, akamwambia, "Bonyeza." Akabonyeza. Nikitembea ananifuata. Nikitaka uji ananishikia kikombe. Lakini nilijua anasubiri neno, na mimi nilikuwa nalisubiri kutoka kwake. Maumivu yalipozidi nikamtangulia. Nikasema, "Mayu, na leo sina wa kumtaja."

Mikono yake ikasimama. Kisha akasema nyuma ya shingo yangu, "Mimi nilitaja."

Akanieleza vipande vipande, kati ya uchungu na uchungu. Uzazi wake wa kwanza, huko walikotoka, ulichelewa. Akaulizwa. Hakuwa na mtu, lakini alichoka, akamtaja kijana aliyekuwa anachunga na kaka zake. Muda si mrefu mtoto akatoka mzima. Mumewe alimsamehe, na mtoto akampokea kama wake. Yule kijana akafukuzwa, hakuonekana tena. Mtoto mwenyewe ndiye mume wangu. "Nilijua ule uongo ndio ulimwokoa," akasema. "Nilitaka na wako apone."

Niligeuka nikamshika shingoni. Nilikuwa nimemwita nimuumize, na sikujua namuumiza wapi. Nikachuchumaa nikiwa nimemning'inia, mkunga amepiga magoti mbele yetu, anasema, "Usimharakishe, mwache aje." Akaja. Akalia kabla hajamaliza kutoka.

Mayu alimtazama yule mtoto. Akanitazama mimi. Akasema, "Kumbe." Kisha akakaa sakafuni akajifunika kanga usoni, na nilijua anamlilia yule kijana. Siku ile mzigo ulinitoka mimi ukampanda yeye, na mwenye kumpandishia ni mimi. Kwa hiyo mnaponipongeza kwamba nimepona, napokea pongezi, lakini siyo zote.

Namshukuru mkunga yule. Namshukuru mume wangu, ambaye nilikuja kumuuliza kwa nini hakuniuliza kitu wakati ule. Akasema, "Nilikuamini, ningeuliza nini?" Nikamwambia, ungesema, baba, ungeniokolea miaka. Nanyi wanaume mliokuja leo, semeni. Na namshukuru huyu aliyekaa hapo kwenye jamvi na mjukuu mapajani. Yeye na mwanawe walishakaa wakazungumza, na ndiye aliyeniambia nisimame niyaseme yote, na lake pia. Alinituma hivi: "Kama kuna mtu atamfahamu yule kijana, ambaye sasa ni mzee, ampelekee habari kwamba nilidanganya."

Basi mkiitwa kwa mwanamke mwenye uchungu, nendeni na uji, na mikono ya kukanda mgongo, na mkokoteni uwe umeshafungwa ng'ombe. Akikaa muda mrefu mpakieni aende hospitali. Mkitaka kumuuliza kitu, muulizeni anataka nini.

Nimebakiza mmoja. Siku ile kabla hatujatoka kituoni mkunga aliniuliza, wa kwanza anaitwa nani? Nikasema hana jina, hakupewa. Tulipofika nyumbani, mimi na Mayu tulikwenda nyuma ya nyumba tukampa. Sijawahi kulisema jina hilo mbele ya watu. Nimelichelewesha, na hilo kwa mwanangu naliombea msamaha kila siku. Anaitwa Yustina. Naomba tumtaje wote kwa sauti, mara moja tu, halafu nitakaa.