Mama Barafu na Chupa ya Arobaini na Moja

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mama Barafu, alizaliwa tarehe 9 Februari 1950 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona nguo. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia maji yamechemka, lazima afunue sufuria aone mwenyewe.

Alihitimu sekondari mwaka 1968, na chuo cha mafundi wa maabara mwaka 1971, akiwa wa kwanza darasani. Hilo alilitaja mara moja tu kwa siku.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika maabara ya chuo kikuu, akadumu hapo hadi kustaafu mwaka 2010. Kazi yake ilikuwa kukuza bakteria, kuwapasua, na kuchuja humo kimeng'enya kimoja kinachowasaidia kuvunja sukari wapate nguvu. Watafiti walikitegemea katika vipimo vyao. Lakini kilideka hicho! Joto kidogo tu, kimekufa. Ndiyo maana alishinda kwenye chumba cha baridi na sweta mbili, na jina la Mama Barafu likamganda.

Humo humo alimpata mume. Fundi wa majokofu alikuja kutengeneza mtambo, akaacha mlango wazi.

"Funga mlango, kinakufa!"

"Nani anakufa, dada?" fundi aliuliza, roho juu.

Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili.

Kila chupa mpya ya kimeng'enya ilipokuwa tayari, marehemu alipasha moto tone moja. Kisipokufa, ujue kingine kisichojali joto kimejipenyeza. Chupa ya arobaini na moja hakuipima. Alijiamini mno, basi. Binti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, akaitumia kwa miezi ishirini. Mei 1986, wiki moja kabla binti huyo hajawasilisha tasnifu, marehemu akapasha tone lililobaki. Halikufa.

Angeweza kulimwaga kwenye sinki, na nani angejua? Alivua glavu, akamfuata.

"Ulichokuwa unapima sicho. Kosa ni langu."

Binti alilia mpaka sauti ikakauka, na kwa miezi minne hakumjibu hata salamu. Hata hivyo kila asubuhi alikuta mezani kimeng'enya kipya, kimepimwa na kuandikwa tarehe. Alirudia kazi yote, akahitimu mwishoni mwa 1987.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2019. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla, alidai asomewe wasifu wake, eti hawaamini waandishi. Mdogo wake akamsomea.

"Chupa ya arobaini na moja iko wapi?"

"Jamani dada, hayo nayo ni ya kusomea watu makaburini?"

"Iandike. Ukiiacha, mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Yule mwanafunzi, leo daktari mwenye mvi, alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda amemshika mgonjwa mkono. Alicheka huku machozi yanamtoka.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, daktari huyo, na mdogo wake anayesoma haya kwa uchungu mkubwa. Chupa imeandikwa, na imesomwa mbele ya watu. Tunayemzika leo ni yeye mwenyewe. Mungu ampe pumziko jema.