Unga Ambao Papa Mbusa Hakuufinya

Ndugu mliokuja kulia pamoja nasi, familia imeomba tuwasomee maisha ya Papa Mbusa Léonard, na tutayasoma yote, hata yanayouma.

Alizaliwa Lubero tarehe 14 mwezi wa tatu 1961, akamaliza sekondari Butembo mwaka 1981, akafika Kisangani mwaka 1984, akaajiriwa katika maabara moja ya madini njia ya Bangboka, na kwa miaka thelathini na mitano alitayarisha sampuli za mawe kwa mashine ya miale ya X. Alisaga jiwe taratibu mpaka likawa laini kama unga wa fufu, akajaza kisahani kwa upande wa nyuma bila kuufinya, maana unga ukifinywa, vipande bapa vya madini ya ulanga hulala chali, mashine ikavihesabu kupita kiasi, ikadanganya bila kujua.

Tarehe 22 mwezi wa nane 1987 alifunga ndoa na Mama Emérence Kanyere, wakajaliwa watoto wanne, na wa tano alijichagulia mwenyewe, Patrice, mtoto wake wa ubatizo, ambaye Papa alimfundisha kazi na kumlisha mezani kwake miaka sita.

Mwaka 2019 sampuli moja ilitoa majibu ya uongo, kwa sababu Patrice, kwa haraka zake, aliufinya unga kwa kidole gumba, kisha akaandika daftarini jina la mwalimu wake. Mkubwa wa maabara alipowaita, Papa Mbusa alisema tu, "Mimi sijafinya ile unga, mwenye alifinya aseme," na Patrice akatazama chini. Tarehe 3 mwezi wa sita Papa alifukuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini kila Jumapili aliacha kiti cha Patrice mezani, akisema mtoto atakuja kusema mwenyewe.

Moyo ulimlaza hospitalini tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, na tarehe 9 mwezi wa pili akatutoka, baada ya kuuliza kama Patrice amefika.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa mtaa wa Tshopo, na wenzake wa kazi waliokesha nasi. Taji la maua la maabara limefika asubuhi hii likiwa na saini ya Patrice, ambaye leo ndiye mkubwa huko, nalo limeandikwa "Kwa fundi mwaminifu". Tumelipokea, tumeliweka mlangoni, si juu ya jeneza, kwa sababu neno hilo Papa alilingoja miaka mitano na miezi minane, akiwa na masikio ya kulisikia.

Papa Mbusa, pumzika kwa amani, wewe hukufinya.