Jiko la Mama Secilia na Uwanja wa Kwefungo

Risala ya Kikundi cha Wachimba Uwanja, kijiji cha Kwefungo, Lushoto, kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Mashindano ya Mbio za Milimani

Mgeni rasmi, Bi Ilham Mbwana, kwanza pole na kona. Kutoka Mombo hadi hapa ni nyingi, na dereva wako tumemwona akishuka na kunyoosha mgongo. Viongozi mliofuatana naye, wanariadha mliotoka nchi sita, wanakijiji wenzetu, tunawasalimu. Wazee wetu, shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Aliyebaki bila salamu anyooshe mkono, tutampa yake.

MAKARIBISHO

Sisi ni wanakikundi mia moja na arobaini na wawili. Wengi ni Washambaa wa hapa hapa, wakulima wa kabichi, karoti na peasi. Wengine walikuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, wakaoa au wakaolewa kwetu, wakabaki. Tunakukaribisha kwenye uwanja tuliouchimba kwa majembe.

Risala hii ni ya pili. Ya kwanza iliandikwa na mtu mwenye elimu, kwa lugha nzuri sana. Tulipoisoma kwenye kikao tukaona imesema kila kitu isipokuwa jambo tunalotaka kusema. Kwa hiyo kikundi kikanipa mimi kalamu. Mimi niliishia darasa la tano, sijui kuzunguka. Nikikosea heshima mahali, ni ukali wa ulimi tu, moyo wetu kwako ni mweupe.

HISTORIA YA UWANJA

Mgeni rasmi, ulipokaa wewe palikuwa na mteremko. Watoto wa Kwefungo walicheza mpira kwenye mteremko huo. Mpira ukitoka, mtu mmoja anaufuata bondeni na wengine wanakaa chini kumsubiri. Kuna mechi moja ya shule ilianza Ijumaa ikamalizika Jumamosi, kwa sababu mpira ulionekana asubuhi kwenye maharage ya watu.

Miaka tisa iliyopita tukakubaliana kuukata mlima. Hatukuwa na mashine. Tulikuwa na msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo baragumu likipigwa kila nyumba inatoa mtu na jembe. Siku yetu ilikuwa Ijumaa mpaka saa tano, ili Waislamu wawahi msikitini. Udongo ulipita mkono kwa mkono kwenye karai, kutoka juu hadi chini.

Mama Secilia Shemweta, mjane wa upande ule wa migomba, alitoa kona ya shamba lake pale mlangoni pa uwanja tukajenga banda la udongo na bati. Ndani yake tuliweka majembe, na yeye akaweka mafiga matatu na sufuria moja kubwa. Kila Ijumaa alipika uji wa mahindi kwa watu wote waliofika.

Mwaka wa tatu uwanja ukakamilika, tukapiga vigelegele. Ikaja masika, uwanja ukawa bwawa.

Hapa lazima niseme kosa letu, maana tunalicheka mpaka leo. Sisi tumezaliwa kwenye matuta ya ngazi. Toka utotoni tumefundishwa kwamba tuta linalazwa kuelekea mlimani, ili maji yasichukue udongo. Mikono yetu haijui namna nyingine. Basi tukachimba uwanja wa michezo, wenye urefu wa mita mia moja na kumi, tukaulaza kuelekea mlimani. Maji yote ya masika yakakaa humo. Vyura wakaja, kisha bata wa watu.

Mwenzetu Ulimboka, aliyekuja kutoka Rungwe kuchuma chai, alisimama ukingoni akatutazama mmoja mmoja.

"Washambaa," akasema, "hili ni tuta kubwa kuliko yote duniani. Pandeni kabichi."

Akajibiwa kwamba kwao wangeshapanda migomba na kuuita msitu. Lakini utani uliisha. Miaka mitatu ilikuwa imezama mbele yetu.

Na kilichotuumiza zaidi ni kwamba tulikuwa tumeambiwa. Mwaka wa kwanza tu, Mama Secilia aliwahi kuleta sufuria katikati ya kazi, akaitua chini, akatuita. Alituonyesha kwamba uji umepanda upande wa mlimani na kushuka upande wa bondeni. Alisema uwanja umelala. Wanaume tukamwambia uji ni uji, agawe tunywe. Mmoja wa waliosema hivyo ndiye anayesoma risala hii.

Ijumaa iliyofuata baragumu likapigwa, hakwenda mtu. Ijumaa ya pili vilevile. Mama Secilia alikuwa amepika uji wa watu themanini, akakaa nao peke yake. Ilipofika saa tatu akamimina kwenye ndoo, akajitwika, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mimi nilimwona anakuja nikajificha nyuma ya migomba. Akaja mpaka kwenye migomba.

"Hezekia," akasema, "uji huu sikumpikia mtu aliyechutama. Kunywa, kisha chukua jembe."

Nikanywa. Kufikia saa nne tulikuwa watu sitini uwanjani.

Tulihamisha udongo upya kwa miaka miwili. Safari hii hatukupima kwa macho. Kila hatua kumi Mama Secilia aliweka sufuria yake chini, imejaa maji mpaka kwenye lile duara la uji lililoganda ndani. Maji yakipanda upande mmoja anasema, "Bado." Yakikaa sawa na duara anasema, "Sogeeni." Hakuna neno tulilolichukia kama lile "bado". Wengine walikuwa wanalisikia usingizini.

MAFANIKIO

Uwanja huu sasa umepita masika manne bila kidimbwi. Shule tatu zinautumia. Misa na swala ya Idi zimefanyika hapa. Binti yetu Happiness Kaniki, aliyejifunzia mbio kwenye udongo huu, kesho atakimbia na wanariadha wa nchi sita, na tunaomba wageni wetu watuwie radhi tutakapomshangilia yeye zaidi.

Kamati yako ilipotafuta sehemu ya mbio kuanzia na kuishia, wataalamu wenu walikuja na kifaa cha miguu mitatu. Walipima siku nzima. Jioni wakauliza fundi aliyesawazisha uwanja ni nani na alitumia kifaa gani. Tukawapeleka jikoni, tukawaonyesha sufuria. Walicheka kidogo, kisha wakarudi kupima tena, kisha hawakucheka.

Tunaamini ndivyo jina la Mama Secilia lilivyofika mezani kwako. Tumeipata barua ya kwamba leo, kwenye kuwaenzi wajenzi wa jamii wa eneo hili, yeye ni mmojawapo na atapokea cheti chenye fremu. Kwa hilo kikundi kizima kinakushukuru kwa dhati. Alisomewa barua ile mara mbili. Akauliza kama wenzake nao wamepata. Akaambiwa ni yeye kwa niaba ya wote. Akasema atakitundika jikoni, ukutani juu ya majembe, ili kila mwenye jembe akione. Siku hiyo hiyo akaupaka ukuta udongo mweupe, nje na ndani, na mimi nikapigilia msumari.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto tunayo moja. Maji na barabara tumezoea kuyasema kwenye kila risala, leo tumeyaacha nyumbani.

Siku nne baada ya barua ya cheti walikuja vijana wawili wa kamati na kopo la rangi nyekundu. Mama Secilia aliwapa uji. Wakanywa, wakashukuru kwa adabu, kisha wakaandika X kwenye ukuta mweupe. Wakamwachia karatasi. Inasema banda lipo kwenye eneo la maegesho ya magari ya wageni wa heshima na liondolewe kabla ya mashindano. Mwisho ni kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Hatuwalaumu vijana wale. Walitumwa, na aliyewatuma alikuwa na ramani. Kwenye ramani banda ni kiboksi kidogo kisicho na jina. Lakini barua ya cheti na karatasi ya X zina muhuri mmoja, tumeziweka pamoja tukalinganisha. Tukaona mkono wa kulia wa kamati haujakutana na wa kushoto, na wa kuikutanisha ni wewe.

Tulipomwambia Mama Secilia kwamba tutalisema mbele yako, alikataa. Alisema mlango wa uwanja utakuwa mpana zaidi, na kwamba yeye atapika kwake, si mbali. Tukabishana naye kikao kizima. Mwisho akasema, "Mgeni amekuja kuona mbio. Hakuja kuona jiko langu." Akaondoka kwenda kuosha sufuria.

Yuko safu ya pili, kitenge cha kijani. Sasa hivi ananitazama vibaya. Mama, utanisamehe. Siku ile kwenye migomba ulinitoa nilipojificha. Kama ulinifundisha vile, huwezi kutaka leo nijifiche tena.

MAOMBI

Kwa kawaida hapa huorodheshwa maombi saba au nane. Sisi tuna moja.

Tunaomba jiko libaki.

Kuhusu magari, Ulimboka ameshapima kwa hatua zake uwanja wa shule, hapo chini kidogo. Yanaingia magari thelathini na moja na yanageuka bila shida. Mwalimu mkuu amekubali, na tangu juzi tumeshafyeka nyasi na kuweka changarawe mlangoni. Kutoka kule mpaka kiti chako ni mwendo wa dakika tatu. Mgeni yeyote atakayechoka njiani tutambeba, tumebeba vizito zaidi ya hivyo kwenye uwanja huu.

Tunajua wewe ni mtu wa taratibu na hatutaki uvunje taratibu kwa ajili yetu. Lakini ukimpa mama cheti leo saa sita, na kesho alfajiri ukuta wake ukaanguka, tutamweleza nini? Na watoto wanaosimama pale wanaangalia, watajifunza nini kuhusu kutoa kona ya shamba lako?

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ratiba inasema baada ya risala utatoa vyeti, kisha utaondoka. Tunaomba katikati ya hayo mawili utembee nasi. Kutoka ulipokaa mpaka jikoni ni hatua arobaini na tatu, nimezihesabu asubuhi. Ungempa cheti chake kule kule, ukakitundika mwenyewe. Msumari upo.

Chokaa tuliyochorea mistari ya kiwanja ilibaki nusu ndoo. Tumeiweka chini ya ukuta, upande ule wenye X, pamoja na brashi mpya. Hatutaigusa sisi, kwa sababu X ni ya kamati na wa kuifuta ni kamati. Tutasimama tu pembeni.

Na uji uko tayari. Alipika tangu saa kumi na moja alfajiri, kwa watu wote, akijua yote niliyoyasoma hapa. Bakuli lako ni lile lenye mfuniko.

Mungu aibariki safari yako ya kupanda na ya kushuka. Awalinde wanariadha wote wasiteleze kwenye kona zetu, na Happiness ampe pumzi. Atupe sote masika yenye mvua ya kutosha na uwanja mkavu.

Ni sisi,
Wachimba Uwanja wa Kwefungo

Imesomwa na Hezekia Shechambo, mtunza majembe wa kikundi