Mke Wangu Alipokuja Kwenye Usaili

Mama mwenyekiti, wanachama wenzangu, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu wote. Nimeombwa niseme kwa sababu humu ndani wapo wanaosubiri kuitwa kazini, na wengine wamesubiri mpaka suruali ya usaili imeanza kuwabana. Nitasema. Shule yangu iliishia darasa la nne, msitegemee maneno ya kupambwa. Majina sitataja. Wahusika wako hai, na mmoja amekaa mstari wa mbele hapo ananikodolea macho.

Miaka ile nchi ilipofungua milango ya biashara, kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi hapa Songea kiliuzwa. Mwenye mali mpya akatupanga uwanjani, wakasomwa watakaobaki. Mimi sikusomwa. Ndugu zangu, kusimama kwenye jua unasubiri jina lako, halafu karatasi inakunjwa, hicho ni kitu cha kumtosha mtu maisha. Nikarudi Maposeni kwa mke wangu na shamba letu. Nikatengeneza redio za watu. Kompyuta zilipoingia mjini, kituo kimoja kikanichukua niwe nazifuta vumbi na kuunga nyaya.

Humo nikajifunza kutengeneza tovuti, zile kurasa ambazo mnunuzi akiwa Ulaya anafungua kwenye mashine yake anaona korosho yako. Hakuna aliyenifundisha. Ukurasa wa mtu unaweza kuuamuru ukuonyeshe mshono wake wa ndani. Basi nikawa nafumua kurasa za watu kama fundi cherehani anavyofumua shati la dukani aone lilivyokatwa. Maneno yake ni ya Kiingereza, na Kiingereza mimi sikijui. Lakini utotoni tuliimba misa nzima kwa Kilatini bila kujua tunamwambia Mungu nini, na Mungu alisikia. Nikayakariri hivyo hivyo. Mashine nayo ikasikia.

Ndipo kampuni moja ya kununua korosho na kahawa, iliyopanga nyumba Ruhuwiko, ikatangaza inamtaka mtengeneza tovuti. Mtu mmoja tu.

Shamba letu lilikuwa limeshalimwa, linasubiri mvua ya kwanza. Mke wangu mgongo ulikuwa unamsumbua, kuinama siku nzima hawezi. Nikamwambia, "Naenda mara moja. Nikirudi tunapanda." Nanyi mnajua, kwetu ukichelewa mvua za mwanzo unavuna mabua, na sisi chakula kingine hatukuwa nacho.

Tulifika wengi, tukachujwa, tukabaki watatu. Mimi. Kijana mmoja aliyesoma chuo Dar, kiatu kinang'aa mpaka unajiona. Na dada mmoja wa Nalasi, kule Tunduru, mtoto wa wakulima wa korosho, ushungi kichwani na mdomo mkali kama wembe.

Meneja alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Nikaingia, nikasubiri shikamoo. Haikuja. Akaniuliza kwa Kiingereza, nadhani alitaka nijieleze. Nikamjibu, "Mimi ni mtu wa Maposeni. Unachokitafuta hakimo mdomoni mwangu, washa hiyo mashine." Akacheka. Kijana wa chuo aliulizwa mambo mengi akatoka anajifuta jasho. Dada wa Nalasi akaulizwa, "Ukiolewa itakuwaje?" Akajibu, "Bosi, wanaotoa mahari huwa hawachukui na mikono."

Basi tukaambiwa sasa ni vitendo. Mimi nikapewa ukurasa wa kahawa, dada ukurasa wa korosho, kijana ukurasa wa mbele. Umeme wa mji wakati ule ulikuwa wa jenereta, tena wa mgao. Unakatika kazi iko katikati, unaanza upya. Jioni meneja anapita nyuma yetu, anatazama, anasema, "Mko vizuri sana. Rudini kesho tumalizie." Na anaongeza, "Asiyefika kesho ajue amejitoa mwenyewe."

Kesho tunarudi. Ukurasa wa kahawa ukiisha, anataka picha. Picha zikiisha, anataka bei ziwe zinabadilika. Bei zikikubali, anataka yote yaandikwe na kwa Kifaransa. Na hatukuambiwa hapana hata siku moja. Vijana, nisikilizeni: mtu akikuambia hapana unaumia, unakwenda zako. Sisi tuliambiwa vizuri sana.

Mnaweza kuuliza, mzee, mlango si ulikuwepo? Ulikuwepo. Geti, mlinzi, na dirisha la nondo ambalo mimi nilikaa nalo uso kwa uso. Hakuna aliyenifunga. Lakini kila siku niliyokaa ilinishika mguu, maana nikiondoka leo, zile zote za nyuma zimekwenda bure. Halafu Maposeni walishaanza kuniita Mwajiriwa. Nilikuwa nalala kwa shemeji yangu hapo hapo Ruhuwiko, na kila jioni ananiuliza, "Vipi, mmeshapewa ofisi?" Nitatoka vipi? Mtu aliyekwisha kukunjiwa karatasi mara moja atajitoa tena kwa miguu yake?

Mvua ya kwanza niliisikia juu ya bati la ofisi ile. Nikaacha kubonyeza. Dada wa Nalasi akanitazama. "Baba, kwenu mmeshapanda?" Nikamwambia fanya kazi yako.

Mke wangu akatuma salamu kwa mtu wa lori: mvua imenyesha. Nikajibu: kesho. Akatuma tena: majirani wamepanda. Nikajibu: kesho. Baada ya hapo hakutuma kitu.

Siku moja umeme umekatika, tumekaa kwenye kiza cha mchana, mashine zimenyamaza. Nikasikia sauti getini. Mlinzi anasema, "Mama, huku kuna usaili, huwezi kuingia." Na sauti ninayoijua inajibu, "Ndiyo. Nimekuja kwenye usaili."

Akaingia. Tope mpaka magotini, jembe mkononi. Wale wawili wakasimama. "Shikamoo mama." Akaitika, akaliegemeza jembe ukutani, akavuta kiti cha meneja akakaa. Mimi nimesimama kama mwanafunzi.

"Baba watoto, swali la kwanza. Mvua imenyesha mara ngapi?"

Sikujua.

"La pili. Shamba letu upande wa bondeni pana nini sasa hivi?"

"Mama watoto, tuongee nje."

"Msailiwa hajibu nje. Pana magugu. Nimepanda mistari ile niliyoweza, mgongo umekataa." Kijana wa chuo akataka kucheka, akaona uso wake, akaacha. "La mwisho, nalo ni la kwangu mimi. Nataka kujua kama kazi ya mke wako bado ipo. Ipo, au na mimi nirudi kesho?"

Ndugu zangu, aliyejibu si mimi. Ni dada wa Nalasi. Alisema taratibu, kama mtu anayeongea peke yake, "Mama, huu siyo usaili. Tovuti yao imebaki kidogo iishe. Hii ndiyo kazi yenyewe, tumeshaifanya."

Tukatazamana watatu. Kahawa yangu, korosho yake, mlango wa mbele wa yule kijana. Vyote vimeungana, bado kubandika nembo. Kila mmoja alikuwa amewaona wenzake kama adui wa nafasi ile moja, na nafasi yenyewe haikuwepo.

Meneja akatokea. "Huyu mama ni nani? Mzee, unajua masharti. Anayetoka asirudi."

Nikachukua jembe. Nilipofika kizingitini nikasikia viti viwili vinasogezwa nyuma yangu. Hapo meneja akaelewa kwamba hakuna atakayemalizia, akatukimbilia mpaka getini. "Mzee! Mzee, shikamoo! Subiri kidogo tuzungumze!"

Nikamjibu, "Marahaba." Nikaendelea na safari.

Wale wawili walikuja na sisi Maposeni. Sikuwaita. Kijana wa chuo alivua vile viatu vinavyong'aa akavitundika kwenye mti. Dada wa Nalasi alikuwa anafukia mbegu huku akilalamika kwamba mkorosho unaupanda mara moja unakula mpaka uzeeni, "lakini nyie watu wa mahindi kila mwaka mnamwomba Mungu upya!" Mke wangu akapika togwa, akakaa ukingoni anaelekeza mistari, na anayepinda anaambiwa. Tulichelewa, bondeni tulivuna kidogo. Lakini tulikula.

Kazi yetu ilibaki kwa wale wa Ruhuwiko. Hatukulipwa, na niseme ukweli, bado inaniuma. Ila ni kwenye mistari ile ya mahindi ndipo tulipokubaliana tufungue chumba kimoja mjini, watatu, tutengeneze kompyuta na tovuti za shule na nyumba za wageni. Chumba kile ndicho duka mnalolijua. Nimesomesha watoto nalo, na sikupewa na mtu.

Nawashukuru wale wawili, popote walipo leo. Na nyie vijana, nawaambia kitu kimoja. Ukiitwa usaili, uliza unaisha lini. Asiyetaka kukuambia, chukua jembe lako. Kwangu mimi, kijana akija kuomba kazi, hatoki mlangoni bila jibu, hata kama ni hapana. Wengine wananinunia. Waninunie, lakini wanakwenda kupanda.

Sasa nimalize deni, si la chama. Mama watoto, wewe wa mstari wa mbele. Siku ile uliniuliza swali mbele ya watu, nami nikachukua jembe nikatoka bila kujibu. Umekaa miaka yote hii hujaniuliza tena. Leo nakujibu mbele ya watu vilevile.

Kazi ipo. Umepata. Usirudi kesho.