Mwalimu Violeth na Moshi wa Betri

Wafanyakazi wote wa chekechea yetu ya Miyuji wanatangaziwa rasmi kwamba kiti cha bluu cha karibu na dirisha, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, kitakuwa wazi kuanzia Ijumaa, tarehe 28 Juni 1996. Siku hiyo Mwalimu Violeth Chidawali anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha watoto kuimba, kuhesabu na kupenga kamasi.

Alianzia Chamwino, katika darasa lililoezekwa upande mmoja. Hapa kwetu anaogopwa kwa kumbukumbu: anawajua wazazi kwa makosa waliyoyafanya wakiwa na miaka mitano. Mkuu wetu, Ebenezer, ni mmoja wao, ndiyo maana hotuba yake itakuwa fupi.

Tangu mambo yawe ruksa na magari yaliyochoka ng'ambo yajae mjini, jirani yetu Hamidi amekuwa akiyeyusha betri mbovu ili auze madini ya risasi yaliyomo. Tanuru lilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Mwalimu akafunga madirisha, sisi tukanung'unikia joto. Daktari aliyepita kupima watoto alikuwa amemwambia kuwa moshi ule huharibu ubongo unaokua, na tangu hapo hakuacha kumwangalia Lulu, binti wa Hamidi, mwenye miaka minne. Kabla ya Idi Lulu aliuimba wimbo wa darasa wote. Baada ya Idi aliishia mstari wa pili, akabaki kutazama midomo ya wenzake.

Mwalimu akamfuata baba mtu.

"Shikamoo, Mwalimu," Hamidi alisema. "Mbona mimi navuta moshi huu kila siku, na kwenye chenji hakuna anayeniweza?"

"Marahaba. Kichwa chako kilishajengwa, Baba Lulu. Cha Lulu ndiyo kwanza kiko kwenye msingi."

Alirudi kwa Hamidi, akaenda ofisi ya kata, akarudi tena, mpaka karani wa kata akajifunza kutokea mlango wa nyuma. Mwezi uliopita Hamidi alisalimu amri, akahamisha tanuru. Tulipiga makofi, Mkuu akanunua soda. Mwalimu peke yake aliuliza limehamia wapi. Hakuna aliyejua. Aliacha soda yake haijafunguliwa, akaenda kuuliza.

Siku hizi kila jioni humchukua Lulu nyumbani kwake, humnawisha, humpa maziwa, hukaa naye mpaka moto wa tanuru uzimwe. Kustaafu, anasema, kutamwongezea saa za kazi.

Mwalimu, asante kwa watoto wetu, na kwa madirisha pia. Tunakuombea afya, mapumziko, na usingizi ambao tunajua huupati.

Kwa baba yake, Lulu analala chumba cha uani. Tanuru sasa liko chini ya dirisha lake.